Mpira Uko Chini

Siku tano za wiki alikuwa mkunga katika kituo cha afya, na kila Jumamosi alikuwa mwamuzi wa softiboli ya wasichana. Watu walimshangaa kwa kuchanganya mambo hayo mawili. Yeye hakuona mchanganyiko wowote. Kote kuwili unachuchumaa mpaka magoti yanalia, unatoa macho, hutangazi kitu kabla hakijatokea, na kote kuwili yupo mama wa mtu pembeni ambaye hajaridhika na kazi yako.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja ya kusimama nyuma ya mdakaji, kinyago cha chuma usoni na kihesabio kidogo kiganjani. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kugeuza uamuzi wake uwanjani. Si kwamba alikuwa mkaidi. Alikuwa makini tu, na sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia wanawake wasukume na wakasukuma. Akisema auti, hata watu waliokuwa wakinunua vocha ng'ambo ya barabara walijua kuna mtoto katoka.

Mwamuzi mwenzake, yule wa upande wa besi, vile vituo vitatu ambavyo mkimbiaji huvizunguka kabla ya kurudi kwenye kibao cha nyumbani na kupata pointi, alikuwa wifi yake, dada wa mume wake, msusi mwenye saluni ya viti vitatu na ulimi usiojua mapumziko. Walikuwa wakija pamoja na kuondoka pamoja, na njiani wifi alikuwa akimweleza makosa ya kila mtu, yakiwemo ya kaka yake mwenyewe.

Jumamosi hiyo walikuwa na mechi mbili. Asubuhi walicheza wadogo, wasiozidi miaka kumi. Kwa wadogo kanuni ni nyepesi: mpigaji akikosa mara tatu, yaani straiki tatu, ametoka, hata kama mdakaji ameuangusha mpira ukabingirika hadi kwenye mtaro. Mdakaji wa miaka tisa huangusha mipira saba katika kumi. Ukiwaruhusu wapigaji wakimbie kila unapodondoka, mechi haitaisha mpaka wote waote meno ya ukubwani. Kwa hiyo asubuhi nzima mkunga alikuwa akirudia maneno yaleyale: "Straiki tatu, auti." Aliyasema mara kumi na tisa. Wifi alihesabu.

Mchana walicheza wakubwa kidogo, wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu, na kwao mambo ni tofauti. Kwao straiki ya tatu haijakamilika mpaka mdakaji audake mpira. Ukianguka chini, na besi ya kwanza iko wazi au wachezaji wawili wameshatoka, mpigaji bado yu hai. Anaweza kukimbilia besi ya kwanza, na wapinzani wamwahi: wamguse kwa mpira, au waufikishe mpira kwenye besi kabla yake. Hapo kazi ya mwamuzi ni kutaja straiki, kunyoosha mkono pembeni kuonyesha kwamba mpira haujadakwa, halafu kufunga mdomo. Waamuzi wengi huanguka hapo pa kufunga mdomo.

Kabla mechi ya mchana haijaanza, kocha wa timu ya fulana za kijani, dada mmoja mwenye duka la dawa, alimjia mkunga akiwa na msichana mwembamba mwenye magoti yaliyojaa makovu.

"Huyu tunamwita Kiberiti," kocha alisema. "Hasikii. Tangu ana miaka minne, homa ilimchukua masikio. Kila mpira ukipita atageuka akutazame. Nakuomba tu mikono yako iwe mikubwa."

"Itakuwa mikubwa," mkunga alisema.

Akainama, akakunja ngumi ya mkono wa kulia na kuinua mkono, maana yake straiki. Msichana akatazama, akatikisa kichwa. Akamzunguka mkunga, akamshika kiwiko na kukipandisha juu zaidi, kama fundi anayesawazisha rafu ukutani. Kisha akarudi mbele, akachuchumaa ili aone vile atakavyoona akiwa na gongo mkononi, na akainua dole gumba.

"Basi nimeajiriwa," mkunga akasema, na kocha akacheka.

Nje ya uzio wa waya, usawa wa besi ya tatu, alisimama baba wa Kiberiti. Alikuwa seremala, na hilo hukuhitaji kuambiwa: unga wa mbao ulikuwa kwenye nywele zake na penseli nene nyuma ya sikio. Hakuwahi kukaa kwenye viti pamoja na wazazi wengine. Alisimama pale kwa sababu pale ndipo binti yake alipoweza kumwona vizuri, na mechi nzima mikono yake ilikuwa ikisema. Simama. Subiri. Nenda. Rudi. Polepole. Angalia nyuma yako. Mzazi mmoja aliwahi kusema kwamba seremala yule huchoka kuliko wachezaji.

Mechi ilikwenda vizuri. Mrushaji wa timu ya fulana nyeupe alikuwa na mkono mzuri, anaurusha mpira kutoka chini kwa mzunguko mmoja wa bega na unapita kama umetumwa dukani. Kocha wa weupe, mwalimu wa hesabu, alitembea huku na huko mbele ya benchi lake akiwa amefunga mikono kifuani. Kufikia zamu ya mwisho, weupe walikuwa na pointi tano na kijani nne. Kijani wakaingia kupiga mara ya mwisho. Wawili wakatoka haraka; akitoka wa tatu, mechi imekwisha. Besi zote zilikuwa tupu.

Akaja Kiberiti.

Mpira wa kwanza aliukosa, akageuka, akaona ngumi ya mkunga juu. Wa pili ulikuwa mzuri lakini aliuacha upite, na huo pia ni straiki; akageuka, akaona ngumi tena. Akakunja uso kidogo lakini hakubisha. Mipira miwili iliyofuata ilikuwa mibaya na mkunga akamwonyesha hivyo. Jua lilikuwa kali. Jasho lilimtiririka mkunga ndani ya kinyago hadi kwenye midomo. Weupe walikuwa wakiimba kwenye benchi lao.

Mpira wa tano ulikuja ukashuka ghafla mwishoni. Kiberiti alizungusha gongo akakata hewa. Mpira ukagonga vumbi mbele ya mdakaji, ukaruka juu ya glovu yake, ukampita ubavuni na kukimbilia nyuma.

"Straiki tatu, auti!" mkunga akanguruma, na ngumi yake ikaenda juu yenyewe.

Yalikuwa maneno yaleyale ya asubuhi. Mdomo ulishazoea njia.

Mdakaji wa weupe aliposikia auti alitupa kofia yake, akamkimbilia mrushaji wakakumbatiana. Benchi la weupe likamwagika uwanjani. Wazazi wakasimama kukunja miavuli.

Kiberiti hakusikia chochote. Safari hii hakugeuka kumtazama mwamuzi. Aligeuka kuutazama mpira, akauona ukibingirika kuelekea kwenye wavu, akalidondosha gongo akaanza kukimbia.

Alikimbia kama alivyofundishwa, kichwa chini na mikono ikikata ubavuni. Watu wakaanza kucheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, kilikuwa kile cha kumwona mtu anayeongea na simu iliyokatika. "Imekwisha, mwanangu," mama mmoja akamwambia, akisahau kwamba hasikii. Kocha wake akapunga mikono. Kiberiti akakanyaga besi ya kwanza, akaona hakuna aliyeshika mpira, akakata kona kuelekea ya pili.

Baba yake alikuwa ameshika waya kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine alikuwa akimwambia: rudi. Rudi. Imekwisha, rudi. Kiberiti alipofika besi ya pili alimwona. Mkunga alikiona kitendo hicho kwa macho yake, na baadaye ndicho alichokikumbuka kuliko vyote. Msichana alimtazama baba yake usoni, akanyoosha kidole kuelekea nyuma ya kibao cha nyumbani, kwenye ule mpira ulioachwa umelala chini ya wavu peke yake, na akaendelea kukimbia hadi ya tatu. Hapo akasimama, miguu yote miwili juu ya besi, akitweta, akiwatazama watu wanaomcheka bila kuelewa wamepatwa na nini.

Mkunga naye akageuka kutazama alikoonyesha mtoto. Mpira uko chini.

Wifi alikuwa tayari anakuja, hatua za taratibu, mikono nyuma.

"Wifi," mkunga akasema kwa sauti ya chini, "ulidakwa?"

"Udakwe wapi. Ule pale, nenda ukauulize."

"Nimesema auti."

"Nimekusikia. Mtaa mzima umekusikia."

"Asubuhi tulikuwa na wadogo."

"Najua. Lakini sasa hivi ni mchana." Wifi akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuongeza neno la mzaha. "Utafanyaje?"

Mkunga akavua kinyago. Angeweza kunyamaza, na alijua hivyo. Hakuna aliyekuwa akilalamika. Kocha wa kijani alikuwa mpya katika kazi hiyo na alishaanza kukusanya magongo. Wazazi wa kijani walikuwa wakiwafuta watoto wao machozi. Watu wote uwanjani, mia na kidogo, walikuwa wamekubali kwamba mechi imekwisha, isipokuwa mtoto mmoja pale kwenye besi ya tatu. Na hata yule angeshushwa na baba yake dakika moja baadaye, angeambiwa kwamba amekosea, na angeamini. Hilo la mwisho ndilo alilolikataa mkunga.

Akatembea hadi katikati ya uwanja na kuinua mikono yote miwili.

"Naombeni mrudi," akasema. "Mechi haijaisha. Nimekosea mimi."

Pakawa na kelele. Mwalimu wa hesabu alimfikia wa kwanza. Alikuwa mtu mstaarabu, lakini sauti ilikuwa imempanda.

"Mwamuzi, ulitamka auti. Sote tumekusikia."

"Nilitamka, Mwalimu. Sikupaswa. Mpira haukudakwa, wawili walikuwa wameshatoka, mpigaji alikuwa na haki ya kukimbia. Amekimbia."

"Amekimbia kwa sababu hakukusikia."

"Amekimbia kwa sababu aliuona mpira. Sisi wengine wote tulikuwa tunanisikiliza mimi."

Mwalimu akashusha mikono yake. Kisha akasema kwa upole zaidi, "Na mdakaji wangu je? Aliuacha mpira kwa sababu wewe ulisema auti. Utamwadhibu kwa kukutii?"

Lilikuwa swali la haki, na mkunga alilipa heshima yake. Alitazama umbali kutoka kibao cha nyumbani hadi kwenye wavu, akatazama umbali hadi besi ya kwanza. Akamuuliza wifi mtoto alikuwa wapi mpira ulipogonga wavu. Wifi akasema alikuwa ameshavuka nusu ya njia. Mdakaji angekwenda, angeinama, angegeuka, angerusha. Hata mdakaji mkubwa asingemwahi.

"Kanuni inaniruhusu kurekebisha kosa langu mwenyewe kama limewaponza wachezaji," mkunga akasema. "Besi ya kwanza angeipata kwa vyovyote. Ya pili na ya tatu alizipata kwa sababu watu wako walisimama kwa neno langu. Kwa hiyo namrudisha ya kwanza. Wachezaji wako nao hawajapoteza kitu ambacho wangeweza kukizuia."

Mwalimu akapiga hesabu kichwani. Ilionekana wazi usoni kwake, kama mtu anayetafuta pa kukosoa daftari asipaone.

"Sawa," akasema hatimaye. "Siipendi, ila sawa." Akageuka kuwaambia wasichana wake warudi kwenye nafasi zao. Mdakaji alipopita mbele ya mkunga huku akifunga kofia yake, macho yalikuwa yanamlengalenga. Mkunga akamwambia, "Wewe hukukosea lolote, mama. Ni mimi." Msichana akaitikia kwa kichwa, lakini hakumtazama.

Ikabaki kumweleza Kiberiti. Mkunga akaenda hadi besi ya tatu. Hakujua lugha ya mikono. Akajielekeza kidole kifuani. Akaonyesha mdomo wake, akautikisia kidole kama anaugombeza. Kisha akaonyesha mpira, akaweka kiganja chini karibu na ardhi: uko chini. Akamwonyesha msichana, akampa dole gumba. Halafu, kwa aibu, akamwonyesha besi ya kwanza, kwamba arudi pale.

Kiberiti akayatafakari yote hayo. Alionekana kuwa na maoni kuhusu hilo la kurudi. Mwishoni akainua mabega, akampiga mkunga kofi jepesi mkononi, kama watu wazima wanavyomwambia mwenzao yamekwisha, akatembea kurudi besi ya kwanza akiwa ameinua kidevu.

Baba yake alikuwa ameziachia nyaya. Mikono yake miwili ilikuwa imening'inia tu.

Mpigaji aliyefuata alikuwa msichana mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira nyuma ya kichwa. Mpira wa kwanza kabisa aliupiga barabara, ukapita kati ya walinzi wawili na kwenda kona ya mbali kabisa ya uwanja. Kiberiti alishaondoka kabla gongo halijatua. Akapita ya pili bila kupunguza. Alipokaribia ya tatu alimtazama baba yake, kama kawaida yake. Seremala hakufanya ishara yoyote. Alikuwa ameweka viganja vyote viwili juu ya kichwa na anamtazama tu, mdomo wazi. Kiberiti akaamua mwenyewe. Akaikanyaga ya tatu na kuelekea nyumbani.

Mpira ulirushwa kutoka kona, ukapokelewa katikati, ukarushwa tena. Mdakaji alikuwa amesimama mbele ya kibao, magoti yamekunjwa. Mkunga akavua kinyago akasogea pembeni apate kuona vizuri. Kiberiti akajitupa, mguu mbele, vumbi likapanda. Mpira ukatua ndani ya glovu, glovu ikashuka.

Ndani ya vumbi lile mkunga aliona mambo mawili, na aliyaona kwa mpangilio wake. Glovu ilimgusa msichana begani. Kisha, muda mfupi kama wa kupepesa jicho, mguu ukafika kwenye kibao.

Hakuharakisha. Alimsubiri mdakaji ainue glovu, auone mpira umo ndani. Ulikuwemo. Pale pembeni watu wote walikuwa wamesimama. Alijua kabisa wanachofikiri: yeye ndiye aliyemrudisha mtoto mchezoni, sasa atamaliza kazi aliyoianza kwa kumpa pointi. Na kwa hakika moyo wake ulimwomba afanye hivyo. Ulimwomba vibaya.

Alipiga goti ili uso wake uwe sawa na uso wa mtoto, akasubiri mpaka Kiberiti amtazame. Ndipo akainua ngumi, kiwiko juu kama alivyopangiwa.

"Auti," akasema, kwa sauti ya kawaida.

Kiberiti alibaki amekaa kwenye vumbi. Akaitazama ile ngumi muda mrefu. Kisha akagusa bega lake mwenyewe kwa vidole viwili na kuinua nyusi: hapa? Mkunga akagusa bega lake mahali palepale, akaitikia kwa kichwa. Msichana akavuta pumzi, akaitoa. Akainuka, akajikung'uta, na kabla hajaenda kwa wenzake akamnyooshea mkono mdakaji wa weupe. Yule mdakaji, ambaye dakika kumi zilizopita machozi yalikuwa yakimlengalenga, akamvuta akamkumbatia mzima mzima, kofia kwa kofia.

Weupe walishinda tano kwa nne.

Mkunga alikuwa akiosha uso kwenye bomba nyuma ya vyoo wakati seremala alipomfikia. Alisimama umbali kidogo, akisubiri amalize. Mkunga alijiandaa kwa lawama. Alikuwa na haki ya kuzipata.

"Dada," seremala akasema, "nina neno."

"Sema, kaka. Na mimi nina la kwako. Nimemfanya mtoto wako achekwe."

"Kuchekwa amezoea. Siyo hilo." Akatoa penseli sikioni, akaizungusha vidoleni, akairudisha. "Nilimwambia arudi. Uliona?"

"Niliona."

"Akanionyesha mpira. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, dada, mpira unaonekana wazi, na sikuutazama. Nilisikia auti, basi. Miaka minane mimi ndiye masikio yake. Barabarani, dukani, shuleni. Nikisikia kitu namwambia, na yeye anafuata. Leo nimesikia uongo nikampelekea." Akamtazama. "Samahani, sisemi wewe ni mwongo."

"Ulikuwa uongo. Sema tu."

Wakasimama pale maji yakidondoka. Wifi alikuwa ameketi kwenye begi la vifaa mita chache mbele, akijifanya anatafuta kitu kwenye simu, na kwa mara nyingine aliacha kuchangia, jambo ambalo mume wa mkunga alipoelezwa jioni alikataa kuliamini.

"Unajua alichoniambia sasa hivi?" seremala akauliza. "Nimemwambia pole kwa kutolewa. Akaniambia, mwamuzi alikuja hadi chini. Maneno hayo ameyarudia mara mbili. Alikuja hadi chini ndipo akaniambia." Sauti ilimkatika kidogo na akasingizia vumbi. "Watu huwa wanamwambia vitu kupitia kwangu."

Mkunga akaligeukia bomba. Katika kazi yake alishaona wanaume wengi wakijaribu kutolia, na alijifunza kwamba kilicho bora ni kutazama kwingine na kutokuondoka. Alifunga bomba. Akalifungua tena, akaosha mikono ambayo ilikwishatakata.

"Mimi naijua straiki na auti tu," akasema. "Leo nilipokwenda kumweleza pale besi ya tatu nilikuwa kama mtu anayefukuza nyuki. Unafundisha?"

"Mimi?"

"Lugha ya mikono."

"Mimi siijui vizuri," seremala akasema. "Nusu yake tumeitunga wenyewe nyumbani. Yeye ndiye anayeijua. Njoo umwulize."

Alikwenda siku ya Alhamisi baada ya zamu, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya kazini. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu, na mbao zimeegemezwa ukutani kwa urefu, kama watoto waliopangwa kupigwa picha. Kiberiti alikuwa amekaa juu ya meza isiyo na droo, akipiga msasa mguu wa kiti. Alipomwona mgeni hakushangaa. Alishuka, akachukua kipande cha mbao na penseli ya baba yake, akaandika, akampa.

Mkunga akasoma: *Mguu wangu ulifika mapema.*

Akachukua penseli. Akaandika chini yake: *Bega lako liliguswa mapema zaidi.*

Msichana akasoma, akatikisa kichwa. Akaandika: *Ulikuwa upande gani?*

Mkunga akaonyesha alikosimama. Kiberiti hakutosheka na maelezo ya mikono. Akapanga vipande vinne vya mbao sakafuni kwenye unga wa mbao, kibao cha nyumbani karibu na mlango, akamsimamisha mkunga mahali pake na kumpa baba yake chupa ya gundi ashike kama mpira. Kisha akajilaza chini kabisa, mguu umenyooka, na kumwonyesha baba yake kwa vidole lini ashushe chupa.

"Nimguse au nisimguse?" seremala akauliza.

"Mguse begani," mkunga akasema. "Sasa angalia mguu wake."

"Siuoni mguu. Unafichwa na goti langu."

"Basi ndiyo maana wewe si mwamuzi."

Walirudia mara nne. Kila mara Kiberiti alisimamisha mchezo na kumrekebisha mmoja wao, zaidi baba yake, ambaye alikuwa akiishika chupa kwa mkono usiofaa. Katikati ya hayo mkunga alijifunza ishara za *subiri*, *tena*, *mpira* na *nimekosea*. Hiyo ya mwisho aliirudia mpaka msichana akaridhika na namna vidole vilivyokaa. Kulikuwa na ishara moja aliyoitaka zaidi, ya mpira ambao haujadakwa na mtoto ambaye bado yu hai, lakini hiyo haikuwepo. Kiberiti akafikiri, akashuka na kiganja karibu na sakafu, kisha vidole viwili vya mkono mwingine vikaanza kukimbia juu yake. Akamtazama mkunga kuona kama inatosha. Ilitosha.

Simu ya mkunga ikaita. Kituoni kulikuwa na mama aliyefika mapema kuliko tarehe yake na alikuwa akimwita yeye tu. Mkunga akasema anakuja, akaanza kutafuta mkoba wake chini ya mbao.

"Ngoja kwanza, dada," seremala akasema. "Ile kanuni ya mpira kuanguka. Kama mtu yuko besi ya kwanza, na hakuna wawili waliotoka, mpigaji hakimbii?"

"Hakimbii. Ametoka hata kama mpira umeanguka."

"Kwa nini sasa?"

"Mwulize kocha wako," mkunga akasema, akimwonyesha Kiberiti kwa kidevu, na akatoka.

Alipovuka uwanja mdogo wa mbele ya karakana alitazama nyuma mara moja. Kupitia mlangoni aliwaona wote wawili wamechuchumaa sakafuni, wakisogeza vipande vya mbao. Mikono ya baba ilikuwa inauliza na mikono ya mtoto inajibu, haraka haraka, na baba alikuwa anatikisa kichwa kwamba hajaelewa, amweleze tena kuanzia mwanzo.